Jinsi Wimbo Wetu Mpya Ulivyopata Wenyewe

Bendi yetu ilianzia kwenye stoo ya vitenge pale Mwanjelwa, Mbeya, na tulikuwa watatu tu. Stoo ilikuwa ya mzee mmoja muuza nguo, ambaye babu zake walipanda huku kutoka pwani wakaizoea baridi. Binti yake ndiye aliyepiga kinanda. Mpiga gitaa alikuwa Mnyakyusa wa Kyela, fundi simu, kibanda chake kikiwa mbele ya duka la mzee huyo. Mimi niliimba. Siku za kazi nilikuwa nauza dawa kwenye famasi ya mtaa wa pili. Kwetu ni Iringa, Kihesa, ambako baba yangu alifundisha kwaya ya Kilutheri tangu kabla sijazaliwa.

Vitenge vinameza sauti. Tulikuwa tunapiga kwa nguvu zetu zote, na mama anayepanga vitunguu nje ya mlango hasikii hata punje. Kila Jumamosi mchana tulijifungia humo, marobota yamepangwa hadi darini, tukakalia yale ya chini. Tukitoka, masikio yalikuwa yanavuma na tulicheka bila sababu. Mama wa vitunguu alituuliza siku moja kama humo ndani tunakunywa kitu.

Fundi simu ndiye aliyetuletea neno "indi". Alilitoa kwenye intaneti.

"Sisi ni indi pop," alisema. "Maana yake hatuna bosi, hatuna studio, hatumwigi mtu. Kila kitu chetu wenyewe."

Nililipenda neno hilo mno. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na maisha yangu yote nilikuwa nimeimba nilichoambiwa niimbe, kwa sauti niliyopangiwa, nimesimama mstari wa pili nikiwa na joho la bluu. Sasa nilikuwa sina bosi. Nilitembea na neno hilo mdomoni wiki nzima kama pipi.

Bibi yake mpiga kinanda, aliyekuwa akishinda dukani kwenye kiti chake cha plastiki, alilisikia pia.

"Indi?" akauliza. "Ya Kihindi?"

"Hapana, bibi. Indi tu."

"Basi mimi nakisikia Kihindi humo," akasema, akarudi kwenye karanga zake.

Wimbo wetu wa kwanza kamili ulikuja mwezi wa sita, baridi ikiwa imeanza kukaza. Nilikuwa napanga dawa za kikohozi kwenye rafu ndipo kiitikio kikanijia, kizima, hakikosi hata silabi. Nilikishika kwa kukirudia kwa sauti. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri dirishani alinitazama kwa huruma. Nikatoka mbio na koti langu jeupe.

"Unakwenda wapi?" aliita mama mwenye famasi.

"Nakuja sasa hivi, mama!"

Nilimkuta fundi simu ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Nikamwimbia palepale, barabarani. Maneno yalikuwa mepesi tu, namwomba mwezi wa saba uje taratibu maana sina blanketi la pili. Aliweka bisibisi chini, akachukua gitaa nyuma ya kiti, akatafuta kidogo, kisha akapiga chini ya sauti yangu kitu cha kuruka-ruka, kidole gumba kikitembea peke yake na vidole vingine vikijibizana juu. Kilikaa vizuri mno hata nikashikwa na kicheko. Jamaa wawili wa bodaboda walizima pikipiki zao wasikilize.

Jumamosi mpiga kinanda aliongeza vyake, pamoja na sauti ya pili kwenye kiitikio. Yeye hakugusa kitufe kimoja akakiacha. Alikizungushazungusha, akakipanda na kukishuka, sauti ikawa kama inadeka. Ngoma zilitoka kwenye kinanda chenyewe. Tulirekodi kwa simu, humo ndani ya vitenge, tukautia mtandaoni jioni ileile. Kufika Jumatatu walikuwa wameusikiliza watu wengi kuliko ndugu zetu wote tukiwajumlisha.

Wiki iliyofuata redio moja ya pale mjini ikatuita kwenye kipindi cha asubuhi. Nilikuwa sijawahi kuingia chumba cha redio. Kilikuwa kidogo kama choo, kimebandikwa trei za mayai ukutani, na mtangazaji, dada mmoja mwenye sauti nzito ya kupendeza, alikuwa amevaa makoti mawili. Alitukaribisha chai ya rangi.

Aliupiga wimbo wetu wote. Nilipojisikia natoka kwenye spika ya redio, nilimfinya mpiga kinanda paja, naye akanifinya, mpaka tukaumizana.

"Haya," mtangazaji akasema, "wasikilizaji wangu wa Mbeya, Njombe na Iringa mmesikia. Dada, hebu tuambie. Muziki huu mmeutoa wapi? Nani amewavutia? Mnamfuata nani?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu nizaliwe.

"Hatumfuati mtu," nilisema. "Huu ni muziki mpya kabisa. Haujawahi kuwepo."

"Mpya kabisa!" akasema. "Wasikilizaji, simu ziko wazi."

Simu ya kwanza ilitoka Uyole. Ilikuwa sauti ya mzee, imechangamka kweli.

"Huyo kijana wa gitaa nampongeza. Lakini gitaa hilo mimi nalijua! Hilo ni la ng'ambo ya Tunduma. Wakati ule treni ilipoanza, tulikuwa tunalisikia kwenye redio za Zambia, tunacheza mpaka viatu vinakatika soli. Muulize amelitoa wapi."

Mtangazaji akamgeukia fundi simu. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Mjomba wangu alikuwa mhudumu kwenye treni," alisema polepole. "Alikuwa anakuja na kanda. Ndiyo tulizokuwa tunasikiliza nyumbani. Zilikuwa hizo tu."

"Kwa hiyo mzee hajakosea?"

"Hajakosea."

Simu ya pili ilikuwa ya hapohapo Mwanjelwa. "Mwambie mjukuu wangu," ikasema sauti niliyoifahamu mara moja, "kwamba kile kinanda anachokizungusha ndivyo nilivyokuwa nikiizungusha sauti yangu kwenye maharusi. Alikuwa analala mapajani mwangu mimi nikiimba taarabu. Anadhani alikuwa amelala!"

"Bibi!" akalia mpiga kinanda, akaficha uso kwenye mtandio.

"Tena Uhindi umo. Sisi tuliutoa kwenye sinema za Kihindi. Nilisema nikapuuzwa."

Mtangazaji alikuwa anacheka amejishika tumbo, mkono mmoja ukiminya vitufe. Mimi nilikuwa bado nimekaa wima. Nilijiambia gitaa lina mwenyewe na kinanda kina mwenyewe, lakini kiitikio ni changu. Hicho kilinijia mimi, kati ya dawa za kikohozi.

"Simu ya mwisho, kutoka Iringa. Karibu."

Kwanza mtu akakohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Kwa miaka ishirini kilikuwa kinamaanisha: nyamazeni, tunaanza.

Baba alijitambulisha kwa majina yake yote matatu, kama mtu anayetoa ushahidi. Akasema yeye ni mwalimu wa kwaya mstaafu. Akasema kiitikio kile ni cha wimbo wake wa sikukuu ya mavuno, alioutunga mwenyewe, na kwamba huyo mwimbaji aliuimba akiwa na miaka tisa, mstari wa pili, jino moja la mbele likiwa halipo.

"Ameuongeza mwendo," alisema. "Na sauti ya pili mmeikosea. Njooni Iringa mrekebishwe."

Simu ikakatika.

Kisha nikaufuata wimbo wa baba kichwani, taratibu, nota kwa nota, na ulikuwa ndio. Ulikuwa ndio wenyewe! Nilitaka kuzama chini ya meza ile. Badala yake nikacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha ajabu, cha kukoroma, kikasikika Mbeya, Njombe na Iringa. Mpiga kinanda akafuata, halafu fundi simu. Mtangazaji ilibidi aweke tangazo la mbolea.

Ijumaa moja mwezi wa saba tulipanda basi la asubuhi. Mpiga kinanda alipewa ruhusa na bibi yake kwa sharti kwamba arudi na maharage ya Iringa. Fundi simu alilikumbatia gitaa njia nzima. Tulipita mpunga wa Mbarali umeshavunwa, mabua tupu, tukapita upepo wa Makambako unaotikisa vioo, tukapita misonobari ya Mafinga, na mimi kila kilomita nilizidi kuwa mtoto. Nilikuwa nimemwandalia baba maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nayasahau kila basi linapokata kona.

Mama alitupokea getini. "Kamwene!" akatusalimu kwa Kihehe, na fundi simu akamjibu hivyohivyo kwa lafudhi ya Kyela, mama akafurahi utadhani kapewa ng'ombe. Alimshika mpiga kinanda mikono miwili.

"Wewe ndiye wa bibi aliyeongea redioni? Nimempenda! Ingia, mwanangu, ingia jikoni kuna moto. Na kuku kachinjwa na jirani yetu Mwislamu, kwa hiyo kula kwa raha zako."

Baba alikuwa sebuleni. Amekaa mbele ya meza ndogo, daftari lake la nota limefunguliwa, miwani imeshuka puani. Ukurasa ulikuwa umejaa do na re na mi zilizoandikwa kwa wino wa bluu, mistari minne minne, sauti ya kwanza hadi ya nne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaeni. Imbeni."

Nilitaka kuanza na zile radhi. "Baba, kwanza naomba..."

"Imbeni, nimesema."

Kwa hiyo tuliimba, bila hata kunywa maji. Fundi simu alipiga, mimi nikaimba, na mpiga kinanda, ambaye kinanda chake kilikuwa bado kwenye gunia, aliimba sauti ya pili, ile tuliyoambiwa tumeikosea. Baba alisikiliza amefumba macho. Tulipofika kwenye kiitikio aliinua kidole, tukanyamaza.

"Hapa. Sauti ya pili isipande. Ibaki chini, imngoje mwenzake." Akaiimba yeye. Sauti yake ilikuwa imezeeka kidogo tangu nilipoisikia mara ya mwisho, lakini ilienda palepale ilipotakiwa. Mpiga kinanda akairudia. Tulipoziunganisha, nywele zilinisimama. Ule wimbo wetu tuliojivunia hivyo ulikuwa umekaa siku zote unachechemea, na sasa ulikuwa umepewa mguu wa pili.

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu fundi simu aliacha kupiga katikati. Alikuwa anatazama daftari la baba, mstari wa nne, wa besi.

"Shikamoo tena, mwalimu," alisema. Alikuwa na aibu. "Naomba kuuliza. Hii besi umeitunga mwenyewe?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu naijua." Akapiga kwa kidole gumba peke yake, taratibu, kama ilivyoandikwa. Kisha akaipiga tena kwa haraka. Ilikuwa ileile aliyonipigia barabarani siku ya kwanza, mbele ya bodaboda. "Hii imo kwenye kanda za mjomba. Ndiyo maana siku ile vidole vilikwenda vyenyewe."

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mlangoni, mama alikuwa amesimama na mwiko.

"Waambie," mama alisema.

"Niwaambie nini?"

"Baba wa watoto, waambie. Miaka yote hiyo."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba yangu, kabla hajawa mwalimu wa kwaya, alikuwa kibarua wa reli. Nilijua alifanya kazi Makambako. Sikujua kwamba kambini kulikuwa na redio moja, na kwamba baada ya kazi vijana walikusanyika wakatafuta stesheni za Zambia, na kwamba baba alikuwa na suruali pana miguuni na alikuwa anacheza. Mama alisema alikuwa anacheza vizuri kuliko wote, na kwamba yeye alimwonea hapo. Baba akamwomba apunguze sauti.

"Kulikuwa na wimbo mmoja," baba alisema. "Hata lugha yake sikuijua. Miaka ikapita, nikaokoka, nikapewa kwaya. Mchungaji akataka wimbo wa mavuno. Nikakaa na kalamu, ukaja ule. Nikaupunguza mwendo, nikauwekea maneno ya shukrani. Nikasema, nani atajua?" Alinitazama. "Kisha nafungua redio nakunywa uji, nakusikia umeurudisha kwenye mwendo wake. Nilidhani umenikamata. Moyo ulinipiga mpaka nikamwaga uji."

"Ulipopiga simu ulikuwa umekasirika," nilisema.

"Nilikuwa naogopa! Nikiogopa nakuwa mkali. Hujui?"

Nilikuwa sijui. Nilimtazama mtu huyo aliyenipiga rula vidoleni kwa kukosea nusu nota, amekaa na uji wake, anaogopa kukamatwa na kwaya ya kizazi kizima, na furaha ilinipanda kutoka miguuni. Nilikwenda nikamkumbatia, kitu ambacho kwetu hatufanyi. Alinipigapiga mgongoni kwa daftari.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno. Baba alikuwa ameamua, hatukujua saa ngapi, kwamba tutapiga uwanjani baada ya ibada, kabla ya mnada. Kama ilivyo kawaida ya makanisa yetu, watu walikuwa wameleta walichovuna: mahindi, maboga, mayai kwenye vikapu, kuku waliofungwa miguu, fungu la miwa lililoegemezwa ukutani. Jua lilikuwa kali na hewa baridi, vile Iringa inavyokuwa mwezi wa saba. Mpiga kinanda alisimama nyuma ya kinanda chake katikati ya maboga, mtandio wake wa njano unapepea, na kina mama walishamzoea kiasi kwamba mmoja alikuwa amempa mtoto ambebe mgongoni.

Baba alichukua maikrofoni. Kwaya yake ya zamani, majoho yote ya bluu, ilikuwa imesimama kivulini. Alikohoa. Wakanyamaza wote, hata waliostaafu.

"Wimbo mtakaousikia," alisema, "mnaujua. Lakini kuna jambo sikuwaambia." Akawaambia. Reli, redio, Zambia, suruali. Aliyasema yote kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza ratiba ya mazoezi. Alipomaliza alisubiri, kichwa chini.

Mama mmoja mnene wa sauti ya tatu, aliyeimba chini ya baba tangu ujana wake, alianza kutikisika mabega.

"Mwalimu," akasema, "sisi tulijua siku ileile."

"Mlijua nini?"

"Tulikuwa tunaucheza wote! Wewe ulidhani redio ilikuwa Makambako peke yake? Tulipoona umeuleta kanisani tukasema, asante Mungu, sasa tutauimba hadharani."

Kwaya nzima iliangua kicheko. Mchungaji aliinamisha uso kwenye Biblia, mabega yake nayo yanacheza. Nilimwonyesha fundi simu kwa jicho: anza.

Tulianza. Ubeti wa kwanza, watu wanatabasamu kwa adabu. Ubeti wa pili, miguu. Tulipoingia kiitikio, mwendo ukiwa ule wa redio, umeme ukakatika. Spika zikafa, kinanda kikafa, ngoma zikafa. Mpiga kinanda alibaki vidole hewani. Kwa nukta moja ilisikika sauti yangu tu na gitaa kavu, jembamba, na kuku mmoja.

Kisha mama wa sauti ya tatu akaingia, akafuatwa na besi kule nyuma, wazee watatu vifua mbele. Sauti ya pili ikabaki chini, ikamngoja mwenzake. Walikuwa wanaimba maneno ya mavuno na mimi naimba ya blanketi, na hakuna aliyejali. Mtu alianza kupiga debe la mahindi. Mpiga kinanda alimrudishia mtu mtoto wake, akaweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele cha Kipwani, kirefu, kinachozunguka, kile cha bibi yake, na kina mama wa Kihehe wakasimama kidogo kwa mshangao kabla ya kumjibu kwa vyao.

Tuliurudia sijui mara ngapi. Mwendesha mnada alikata tamaa ya kusubiri akaanza kunadi jogoo juu ya wimbo wetu, akizipanga bei zake kwenye mapigo, na hakuna siku jogoo alinunuliwa kwa furaha kama ile. Nilikuwa naimba na kucheka kwa pamoja, kitu ambacho baba alitufundisha kwamba hakiwezekani. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amekwisha kumkabidhi mchungaji miwani yake. Alikuwa kando ya miwa, mikono imekunjwa kiunoni, goti la kushoto linajaribu kitu, linaacha, linajaribu tena, na mama alikuwa anamjia kutoka jiko la usharika, anajifuta mikono kwenye khanga, anacheka.